Kava la Ndani

Bi Nuru alinipigia simu asubuhi moja nikiwa kazini Kilifi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua jambo. Hakusalimu. Alisema hatimaye amekubali kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, bandeji ya pili imefunguliwa juzi, na sasa anaona mpaka vumbi lililo juu ya kabati la jirani. "Njoo Malindi nikuone," akasema. "Umekaa kwangu mwaka mzima na sura yako siijui." Nilicheka, kisha nikakata simu na kuanza kufikiri, kama ilivyo desturi yangu. Je, kama amenichora kichwani mwake kwa namna nyingine miaka yote hii, nami nikatokea mlangoni na kumharibia? Nilibadilisha nguo mara kadhaa kabla ya safari. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitano, nina ofisi yenye jina langu mlangoni, na bado nilisimama mbele ya kioo nikiwaza kama pua yangu itamridhisha mwanamke ambaye zamani alikuwa akinilisha kwa mkono wake nikiugua malaria.

Alinishika kidevu pale pale kizingitini, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga, akanitazama kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya kulalamika kidogo, kwamba nina mwanya. Nikamwambia nimekuwa nao siku zote. "Hukuniambia," akajibu, akaniachia, akaingia ndani kunipakulia. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, mchicha uliopikwa na bamia, na embe mbichi lililokatwakatwa na kutiwa pilipili ya unga, na muda wote alikuwa akinionyesha makosa ya nyumba yake. Vigae vya ukumbini aliambiwa ni vya buluu, kumbe kijani. Ukuta wa jikoni una alama za vidole za wajukuu ambao sasa wana ndevu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyehamia nyumba mpya bila kuondoka ile ya zamani. Na tulipofika kwenye kahawa tulikuwa tumeshafika, kama tunavyofika kila tunapokutana, kwenye mwaka ule wa kava za simu, naye akaanza kusimulia habari za mbuzi kabla sijamaliza kunywa.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya takwimu. Watu hudhani takwimu humtuliza mtu. Mimi zilinipa lugha ya kueleza kila linaloweza kwenda vibaya. Nilikuwa nikizunguka na bahasha ya vyeti chini ya kwapa, na siku niliyoingia dukani kwa Bi Nuru nilitaka kutoa nakala tu. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake katika mtaa wa Shela hapo Malindi, kwenye kichochoro ambacho pikipiki mbili hazipishani. Pembeni kulikuwa na sanduku kubwa lililofunguliwa nusu, na ndani yake chombo cha chuma chenye mfuniko, mfano wa jiko la kuokea mikate. Mwanawe alikuwa amemtumia kutoka Dubai ili achapishe picha kwenye kava za simu, lakini maelezo yake yalikuwa kwa Kichina na Kiingereza na hakuna aliyeyafikisha mwisho. Bi Nuru akaniuliza kama nimesoma. Nikasema ndiyo. Akanipa kijitabu cha maelezo nimsomee. Niliisoma sehemu ya kazi mara moja na sehemu ya tahadhari mara tatu, kwa sauti, nikisimama kila penye neno moto. Alisikiliza huku akichambua mchele kwenye sinia, kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule.

"Wewe mwoga," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo, Bi."

"Vizuri. Kitu cha moto kinataka mwoga." Na hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama mkomamanga, na chakula.

Kazi yenyewe niliipenda kwa sababu ilikuwa na hatua, na hatua ni rafiki wa mtu mwenye wasiwasi. Unachapa picha kwenye karatasi maalumu, kwa wino maalumu, na unaichapa kinyume, kushoto kuwa kulia, kwa maana ikilazwa kifudifudi juu ya kava itageuka tena na kukaa sawa. Kava lenyewe ni jeupe tupu. Unalivisha kwenye kalibu ya chuma yenye umbo la simu ile, unalifunika kwa karatasi, unabana kingo kwa utepe usioungua, unaliweka ndani ya mashine na kushusha mfuniko. Ndani kuna shiti ya mpira. Pampu ikiwaka hufyonza hewa yote iliyo chini yake, na shiti hulishika kava pande zote kama ngozi, mpaka pembeni, mpaka kwenye tundu la kamera. Joto likipanda wino hugeuka mvuke na kuzama ndani ya plastiki. Mwanzoni tulikosea kila kitu kinachokoseka. Unyevu wa Malindi uliingia kwenye karatasi na kutuletea madoa kama ukoma, hadi tulipojifunza kuzikausha kwanza juu ya mfuniko wenye vuguvugu. Nikiwa na haraka nilizitoa kava kwenye kalibu kabla hazijapoa, zikajikunja kama majani makavu. Lakini ilipokuja sawa ilikuwa ajabu. Kwenye karatasi picha huwa imefifia, rangi za mgonjwa, na mteja akiiona hunung'unika. Kisha unafungua, unabandua, na nyekundu ni nyekundu kweli. Mpaka leo, nikiwa kwenye mkutano unaochosha, huwa nakumbuka sauti ile ya karatasi ikibanduka.

Karatasi iliyokwisha kutumika haibaki na kitu ila kivuli cha picha, hafifu mno, na Bi Nuru hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Barazani, ubavuni mwa mlango wetu, Charo alikuwa akikaanga viazi karai. Alikuwa kijana wa kwetu huko Tezo, mkubwa kwangu kidogo, mwenye mdomo ambao haukupumzika hata akiwa na viazi ndani yake. Tangu aliposikia nina shahada aliniita Profesa. Karatasi zetu zote zilikwenda kwake kufungia viazi, na vijana wa mtaa wakajua. Kulikuwa na shabiki mmoja aliyekataa kula kwenye kivuli cha nembo ya timu pinzani, akamrudishia Charo fungu zima abadilishe karatasi, na Charo akambadilishia, akamtia picha ya harusi ya watu wasiojulikana, akamwambia sasa kula kwa amani, hawa hawachezi mpira.

Kava la ndani lilikuwa wazo la Bi Nuru, na ni lake peke yake, ingawa wengi mjini baadaye walidai ni lao. Wanawake walikuwa wakipita dukani, wanatamani, wanaondoka. Walitaka picha zao, lakini zile picha zenyewe, za siku waliyopambwa, nywele wazi na asumini kichwani, hazikuwa picha za kutembea nazo sokoni. Siku moja mmoja wao alikuwa akieleza hayo huku amekaa, buibui limefunguka kidogo na chini yake gauni linametameta, na Bi Nuru akasema kwani hilo gauni unatembea nalo sokoni? Unalo la ndani na la nje. Basi na simu iwe hivyo hivyo. Tukaanza kuuza kava mbili mbili. La nje lilikuwa na maua au nakshi za leso. La ndani lilikuwa na mwenyewe, kapambika, la kuvaliwa nyumbani na kwenye shughuli za wanawake, na mtu akifika mlangoni anabadilisha kama anavyotupia buibui. Mwezi haukuisha, shughuli za mji mzima zikawa na wanawake wanaoweka simu mezani kifudifudi ili migongo ionekane.

Jumanne alasiri tukaifanya ya wanawake. Pazia lilishushwa, wanaume hawakuingia, na Charo alikaa kwa kulipa mgongo dirisha letu, akisema kwa sauti kila anapopita mteja wetu kwamba yeye ni kipofu tangu saa nane. Mimi, kwa kuwa niliogopa kila kitu, niliweka masharti. Picha ilifutwa kwenye kompyuta mbele ya mwenyewe. Karatasi za siku hiyo hazikwenda kwa Charo. Nilizichoma mwenyewe kwenye jiko la kahawa. Alasiri zile zilinifundisha kuishi na watu. Siku za mwanzo nilimwamkia shikamoo msichana aliyevaa nikabu, kumbe ni mdogo kwangu. Akaniitikia marahaba kwa sauti ya kikongwe na kunibariki nipate wajukuu, na chumba kizima kikaangua kicheko. Nilitaka ardhi inimeze. Jumanne iliyofuata walipoingia wote waliniamkia mimi shikamoo, mmoja mmoja, mpaka na mimi nikacheka. Kulikuwa na aliyetaka nimpunguze mashavu kwenye kompyuta, na Bi Nuru akamwonya kwamba mumewe atakuja hapa kuulizia mkewe kaenda wapi. Kulikuwa na aliyelipeleka kava la ndani kwa wifi yake alione na hakurudishiwa. Nilikuwa nasikiliza huku nikibana utepe, na siku moja nikatambua kwamba nilikuwa nimemaliza alasiri nzima bila kuwaza jambo lolote la kesho.

Ndipo akaja Salma. Alikuwa bibi harusi wa wiki mbili zijazo, msichana wa kucheka kwa mabega, na alitaka kava la ndani la sare: uso wake, na hina, na wanja, kwa ajili yake na dada zake na mashoga zake wa karibu, wote walibebe usiku wa kupambwa kwake. Picha zilikwisha kupigwa chumbani na shoga yake. Kilichobaki ni bibi yake, Bi Aziza, aliyemlea. Bi Aziza alikuja kulikagua duka kabla ya kutoa ruhusa. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mkongojo katikati ya magoti, ushungi umebanwa mpaka kwenye nyusi na kushukia mashavuni, akaniuliza picha zikishatoka huenda wapi. Nikamweleza. Akaniuliza karatasi nazichoma mwenyewe? Nikasema mwenyewe, bibi. Akasema taratibu, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyonitisha:

"Uso wa mjukuu wangu ukionekana huko nje, sitapiga kelele. Nitapita nyumba hadi nyumba. Nitawaambia wenzangu, na hapa hamtamwona tena mwanamke hata mmoja. Na huyu mtoto ataolewa huku anasemwa."

Bi Nuru akasema na iwe hivyo, mama. Mimi usiku ule nilikonda.

Siku ya kuzichapa kava za Salma niliitwa Mombasa kwa usaili wa kazi. Nilitaka kukataa. Bi Nuru akanifukuza, akasema amekwisha kuimudu mashine, na kweli alikuwa ameimudu. Mikono yake ilikuwa mahiri kuliko yangu. Nilichapa karatasi zote kabla ya kuondoka, nikamwachia abane tu. Usaili wenyewe sitauelezea sana. Waliniuliza najiona wapi miaka mitano ijayo, nikaanza kuzipanga njia zote zinazowezekana kichwani, na nilipofumbua mdomo walikuwa wamekwisha kuhamia swali jingine. Nilirudi Malindi alasiri, njaa imenishika, na sikutaka kuingia dukani na uso ule. Nikakaa kwenye benchi la Charo. Akaniuliza Profesa, umepata? Nikasema sijui. Akanipa viazi vya moto, akavimwagia ukwaju, akasema kula kwanza, ukishiba utajua. Nilikula cha kwanza, nikala cha pili. Chini ya cha tatu kulikuwa na jicho.

Lilikuwa jicho la mwanamke, limetiwa wanja. Nilisogeza kiazi cha nne na pua ikatokea, na ua la asumini. Karatasi ikiwa kavu kile kivuli huhitaji macho makali kukiona, lakini mafuta huifanya ing'ae kama kioo, na pale yalipoenea, Salma alikuwa akinitazama, anacheka. Nikamwuliza Charo karatasi hii kaitoa wapi. Akasema kapewa na Bi Nuru leo, naye hakuzikagua, alidhani ni nyeupe. Kisha akainama kutazama, akaona, akageuza uso upande mwingine haraka na kunisukumia fungu kwa kisigino cha mkono. "Mulongo, mimi sikuona," akasema, akiniita ndugu kwa lugha ya kwetu, akiwa bado amegeuka. "Mimi naangalia viazi."

Niliingia ndani. Kava za Salma zilikuwa zimepangwa mezani, zimetoka vizuri mno, na Bi Nuru alikuwa akijipepea kwa kawa la kufunikia chakula, akiningoja nimsifu. Nilimwonyesha karatasi. Aliisogeza karibu na uso, akaisogeza tena, hata pua ikagusa mafuta. "Nilizitazama zote," akasema. "Zilikuwa tupu, nikaona hasara kuzichoma." Akaketi. Na hapo nilielewa mchele uliochambuliwa kwa vidole, na kahawa iliyofurika vikombeni, na kwa nini kila mara alinitaka nimsomee jina la anayepiga simu. Mwaka mzima alikuwa akiishi ndani ya ukungu, na hakumwambia mtu kwa sababu aliogopa mwanawe angemfungia duka na kumchukua Dubai akakae kwenye roshani. Mimi niliyekuwa nikiogopa kila kitu, hilo sikulihisi. Nilitaka kulia. Yeye hakunipa nafasi. Alijifunga leso kiunoni, akatoka nje, akamwuliza Charo waliokula leo ni kina nani.

Charo alikumbuka wote, na ni yeye aliyeibuni hila. Angewafuata mmoja mmoja na kuwaambia ukwaju wa leo umeingia inzi, nipe nilichokupa na karatasi yake, njoo uchukue vya moto bure. Akaliacha karai lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mvua ikinyesha, na akaniachia mimi. Kwa hiyo picha niliyo nayo ya alasiri ile ni mimi, na nguo zangu za usaili, nikigeuza viazi vya watu kwa kijiko kirefu, navyo vikiungua upande mmoja, na foleni ya wenye njaa ikinipa ushauri. Bi Nuru alikaa kwenye benchi kupokea karatasi na kuzitia kwenye moto chini ya karai. Karatasi zilipaswa kulingana na kava zilizokuwa mezani, na nilikuwa nikizihesabu kwa midomo kila moja iliporudi. Ya fundi wa tuktuk ilirudi nyeusi tii, kwa sababu alikwisha kuifutia grisi mikononi, na Charo aliipeperusha kwa mbali kama bendera. Maalim wa madrasa alikuwa hajalifungua fungu lake. Alilihifadhi kwa ajili ya nyumbani, na akashukuru sana kwa uaminifu wa kijana huyu. Moja ilitupwa na mlaji karibu na mtaro. Charo alirudi mikono mitupu kwa hiyo, ametulia kabisa.

"Kala mbuzi," akasema. "Nimemngoja mpaka kameza."

Bi Nuru husimulia sehemu hii kila mwaka, na kila mwaka mbuzi anazidi kunenepa. Mwezi uliopita, tukinywa kahawa, alikuwa na pembe. Nami huwa namwacha, kwa maana nikiyatazama sasa naona kwamba yote niliyokuwa nikiyaogopa tangu chuo yalinifika siku moja, na nilikuwa na kijiko mkononi, na watu walikuwa wanataka viazi, nikawa nawapa. Kazi ya Mombasa haikuja. Iliyokuja baada ya miezi ilikuwa nyingine, na katika usaili wake waliponiuliza nieleze tatizo nililowahi kulitatua, nilieleza habari za ukwaju na inzi, wakacheka, wakanichukua. Lakini nimeitangulia hadithi. Karatasi zote zilikuwa zimerudi ama zimeliwa, isipokuwa moja. Charo akajikuna kichwa. Alisema ilikwenda na viazi vya bibi mmoja mkubwa, mwenye mkongojo, aliyemwambia mafuta yako yamechoka. Hatukuhitaji jina.

Nikaanza kutunga maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa na matoleo kadhaa, moja fupi, moja lenye aya. Bi Nuru alikuwa anatafuta viatu vyake, tayari kwenda kwa Bi Aziza kabla Bi Aziza hajaanza kupita nyumba hadi nyumba. Hakuvipata. Mkongojo ulikwisha kusikika kichochoroni. Bi Aziza alipita mbele ya karai bila kumtazama mtu, akaingia, akangoja nishushe pazia. Kisha akafungua fundo la leso yake, akaitoa karatasi, akaikunjua mezani na kuilainisha kwa kiganja. Mafuta yalikuwa yameenea yote. Uso ulikuwa mzima, mashavu, shanga, asumini.

"Nani huyu?" akauliza.

Bi Nuru ndiye aliyejibu. "Ni Salma, mama. Kosa ni langu. Macho yangu yamekufa kitambo, nami nimeficha. Karatasi nimezitoa mimi nikidhani tupu. Zote tumezichoma, imebaki hii."

Bi Aziza hakumtazama. Alikuwa akiitazama karatasi.

"Salma ana doa shavu la kushoto," akasema. "Huyu analo la kulia."

Nikajitia kueleza kwamba karatasi huchapwa kinyume, kwamba kushoto huwa kulia mpaka ilazwe juu ya kava. Akanyanyua mkono. "Usinieleze mambo ya mashine. Mwenye doa la kulia ni mie." Akausogeza ushungi kwa kidole, na kwenye shavu lake, katikati ya mikunjo, lilikuwepo, dogo kama punje ya mtama.

Akakaa, akatusimulia, na sauti yake ilikuwa nyingine. Siku alipopambwa yeye, katika mtaa huu huu, mjomba wake alimleta Mhindi mpiga picha mpaka mlangoni, na baba yake akatoka akamwambia mpiga picha alibebe sanduku lake aende zake. Wote walimwambia amependeza. Akakaa na neno hilo maisha yake yote, na waliolisema wakafa mmoja baada ya mwingine, mpaka hakubaki hata mtu mmoja aliyemwona siku ile. Leo ameketi ukumbini kwake, amefungua viazi vyake, na akajiona. Hakuwa amejua kwamba kweli alipendeza. Alidhani wanamfariji. Bi Nuru alikuwa ameshika mkono wake, na mimi nilikuwa nimeshika roli ya utepe bila sababu.

Baadaye akajifuta pua, akauliza kama yule wa viazi ameona. Kutoka nyuma ya pazia, kabla hatujajibu, Charo akasema, "Sikuona kitu, bibi. Mimi naangalia viazi."

"Ungeviangalia ungevitia chumvi," Bi Aziza akamjibu. Kisha akatugeukia. Alisema Salma hataambiwa, ana mambo yake mengi wiki hizi, na ile safari ya nyumba hadi nyumba haitakuwepo. "Lakini na mie nataka langu," akasema. "La ndani."

Nikamwuliza simu yake ni aina gani, ili nitafute kalibu.

"Simu ya nini? Anayenitaka na aje."

Basi tukampamba. Bi Nuru alimtia wanja kwa kidole, bila kuhitaji kuona, na nikakimbia kwa jirani kuomba asumini. Alikataa kucheka, kisha akacheka kwa jambo ambalo Bi Nuru alimnong'oneza sikioni na sikuambiwa mpaka leo, na hapo ndipo nilipopiga picha. Ilipotoka kwenye karatasi, imefifia, aliiangalia na kuniuliza mbona amekuwa mgonjwa. Nikamwomba angoje. Nikavisha, nikabana, nikashusha mfuniko, pampu ikavuma. Nilikumbuka baadaye kwamba nilisahau kuogopa. Nilipobandua karatasi alikuwa pale, ushungi wa zambarau, macho meusi, doa lake mahali pake, na kicheko kimeng'aa. Alilingoja lipoe. Alilishika kwa mikono miwili, akalitazama, akalipitisha kwenye shingo ya gauni na kuliweka kifuani, kava tupu lisilo na simu.

Mimi nilichukua karatasi iliyobaki kwenda nayo jikoni, kama ulivyokuwa utaratibu. Alinikamata kifundo cha mkono. Akaichukua kwangu, akapandisha pazia mwenyewe, akatoka barazani. Charo alikuwa ameinamisha kichwa, akihangaika kuvigeuza viazi nilivyoviunguza. Bi Aziza akaiweka ile karatasi juu kabisa ya zile za kufungia, uso wake ukitazama juu.

"Mteja wako anayefuata mfungie na hii," akamwambia. "Na usinikunje usoni."